Upungufu wa Kuchagua na Upungufu wa Kupangiwa

Neno "upungufu" lina kazi mbili siku hizi. Mtaalamu wa lishe humwambia anayetaka kupunguza mwili ale pungufu ya kile mwili wake unachotumia kwa siku. Ofisa kilimo naye, akieleza kijiji kisicho na chakula cha kutosha, husema kuna upungufu. Hesabu ni ileile: kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotoka. Sasa kama hesabu ni moja, kwa nini tunampongeza mmoja na kumwonea huruma mwingine? Na hizo pongezi, je, ni halali?

Mimi naishi Ifakara, kwa hiyo swali hili kwangu si la vitabuni. Bonde la Kilombero ni mpunga. Tunaulima, tunaula, tunauza, malori yanaupeleka Dar. Lakini njoo Februari mpaka Aprili, mpunga ukiwa bado kijani na mito imejaa, uone ghala za wakulima wengi zilivyo. Hiyo ndiyo miezi ya kupalilia, kuamia ndege na kulala kwenye dungu ili nguruwe pori wasimalize shamba. Yaani kazi inazidi wakati chakula kinapungua. Kuna anayekopa gunia moja kwa ahadi ya kurudisha zaidi wakati wa mavuno. Halafu Mei na Juni zinafika, mpunga unavunwa, na mashavu ya watu yanarudi. Kwaresima nayo huangukia katika miezi hiyohiyo ya njaa. Wapo wanaofunga kwa imani, na wapo ambao wangefunga hata kama kalenda ya kanisa isingekuwepo.

Hebu tuiangalie hesabu yenyewe kwanza. Kwa makadirio ya kawaida, mwanamke mtu mzima hutumia kama kalori 2,000 kwa siku na mwanamume kama 2,500, ingawa umbo, umri na kazi hubadilisha namba hizo. Kwa wengi wetu, zaidi ya nusu huishia kwenye kuishi tu: moyo kupiga, mapafu kuvuta hewa, ubongo na ini kufanya kazi yake. Hata ukilala kitandani kutwa nzima, unazitumia. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Basi anayekula pungufu ya kalori 500 kila siku atapoteza kilo moja kwa siku kama kumi na tano. Hizo 500 ni sahani ya wali wa gramu 400 hivi, au vijiko vikubwa vinne vya mafuta ya kupikia.

Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Mwili ukishapungua, unatumia kidogo kuliko mwanzo, na zile kilo zilizokuwa zikitoka haraka zinaanza kugoma.

Kuna utafiti wa hapa hapa Tanzania ambao ningependa kila mpenda kuhukumu miili ya wenzake ausome. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayotumia Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kila siku kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Ungedhani wanaunguza kalori nyingi mno kuliko mtu wa ofisini Marekani. La. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao kwa siku yalikuwa karibu sawa. Utafiti huo hausemi mazoezi hayana faida; yana faida kwa moyo na kwa mengi mengine. Lakini unaivunja ile hukumu yetu ya mtaani kwamba bonge ni mvivu na kimbaumbau ni mchapakazi. Unene wa mtu hautoshi kukuonyesha tabia yake.

Kwa hiyo wa kwanza kushuka jukwaani ni yule anayejisifu. Kupunguza kilo kumi kunaweza kuwa jambo jema, lakini hakumfanyi mtu kuwa mwema zaidi.

Je, basi tofauti kati ya hao wawili iko wapi? Mwanauchumi wa India, Amartya Sen, ana jibu maarufu: anayefunga na anayekosa chakula wanaweza kuwa na tumbo tupu sawasawa, ila mmoja ana uwezo wa kula na mwingine hana. Tofauti ni uhuru. Nakubaliana naye, na historia ya huku kwetu inamuunga mkono. Katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vilivyofika Mahenge na bonde hili, jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Huo ni upungufu uliopangwa na mtu mwingine. Kuuweka pamoja na dayati ya mtu wa mjini ni kuwakosea heshima waliokufa.

Lakini jibu la Sen halimalizi yote, kwa sababu mwili hausikii sababu zako. Huko Minnesota, kuanzia 1944, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri, wakajitolea kukaa na njaa kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakawa wazito wa kutembea, wenye hasira na huzuni, na mazungumzo yao yote yakawa chakula. Wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama sisi tunavyosoma riwaya. Walikuwa wamechagua, na miili yao ikateseka vilevile. Uhuru uliwapa heshima na mwisho wa mateso, haukuwapa shibe.

Hapa ndipo namfikiria mama mkubwa wangu, anayelima mpunga ng'ambo ya mto. Presha ilipompanda, kituo kimoja cha afya kilimshauri apunguze mwili: wali upungue, mafuta yapungue. Ushauri ni sahihi kitabibu, sina ugomvi nao. Lakini yeye aliniuliza: "Mwanangu, hicho wanachotaka nikifanye Julai, mimi si nakifanya kila Machi bila kuambiwa na mtu?"

Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Kwake kunenepa baada ya mavuno ni akiba, na ni ushahidi kwamba mwaka huu umemwendea vizuri. Ukimwambia apunguze bila kuuliza kuhusu Machi, unamwomba atoe akiba yake kwa ahadi ya afya ambayo njaa itakuja kuivuruga. Yuko huru kuchagua, ndiyo, ila uhuru wake una msimu.

Mwishowe aliamua mwenyewe. Mafuta na chumvi amepunguza. Wali alisema atapunguza, lakini kwanza aliweka magunia mawili pembeni, ya Machi, na akakataa katakata kuyauza hata bei ilipopanda. Nadhani katika mpangilio huo kuna maadili zaidi kuliko katika mijadala yetu mingi: kwanza hakikisha mtu ana hakika ya kula kesho, ndipo uzungumze naye kuhusu kula kidogo leo.

Wewe unayehesabu kalori zako, endelea, hasa kama daktari amekuambia. Wali unaouacha mezani haumshibishi mtu wa ng'ambo ya mto, na kujilaumu kwako hakumjazii ghala. Ila usiite nidhamu kile ambacho sehemu yake kubwa ni friji iliyojaa nyuma yako. Na ukikutana na mwanamke mnene akivuna mpunga, mwulize kwanza Machi yake ilikuwaje.