Somo la Pili la Dini katika Chuo Kikuu: Lichukuliwe kwa Nia Gani?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, majumbani mwetu huanza mashauri. Kijana aliyepata nafasi ya Chuo Kikuu huwa hachagui somo moja tu. Anayesomea ualimu wa sekondari hana budi kushika masomo mawili atakayofundisha. Na anayesomea lugha, historia au mambo ya jamii, mara nyingi hutakiwa ashike somo kubwa na somo dogo la kufuatana nalo. Miongoni mwa masomo hayo imo elimu ya dini. Basi vijana wetu huuliza: Je, tulichukue somo hilo? Lina faida gani kwetu? Na wazazi nao huuliza: Je, halitawapoteza watoto wetu?

Ndugu zetu, majibu tuyasikiayo barazani ni matatu, na yote matatu yataka kupimwa.

Jibu la kwanza ni la wasemao kwamba dini husomwa msikitini na chuoni kwa mwalimu, na ya kwamba Chuo Kikuu ni mahali pa kutafuta elimu ya dunia tu. Twasema: mgawanyo huu wa elimu ya dini huku na elimu ya dunia kule ndio uliotudhoofisha pwani hii kwa miaka mingi. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake la al-Islah Mombasa mwaka 1932, alipambana na fikra hii hii, akawahimiza Waislamu washike elimu za kisasa pasi na kuiacha dini yao wala Kiarabu chao. Azhar yenyewe, iliyoanza kujengwa Misri mwaka 970, kwa sheria ya mwaka 1961 iliongezewa vitivo vya utabibu, uhandisi na kilimo. Ikiwa Azhar imeweza kuupokea utabibu karibu na tafsiri ya Kurani, mbona sisi twaona ajabu dini kusomwa karibu na jiografia?

Tena tutazame hali ya skuli zetu. Serikali yatambua masomo matatu ya dini katika skuli: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Kutambuliwa kwa somo ni jambo moja, na kupatikana mwalimu wa kulifundisha ni jambo jingine. Katika maafikiano ya mwezi wa Oktoba 1963, baina ya Waziri Mkuu wa Kenya na Waziri Mkuu wa Unguja, yaliandikwa kwamba watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kwa kadiri itakavyowezekana. Lakini karatasi haifundishi. Mwalimu wa sekondari ya serikali hutakiwa awe na shahada au stashahada ya ualimu na masomo yake mawili, na sheikh wetu aliye hodari msikitini, akiwa hana shahada hiyo, haandikwi kazi hiyo. Basi kijana asiposhika somo la dini katika Chuo Kikuu, ni nani atakayeingia darasani? Mwenyezi Mungu ametuelekeza, katika aya ya 122 ya Sura ya Tawba, kwamba Waumini wasitoke wote pamoja, bali katika kila kundi wawepo watakaojitia katika kuifahamu dini, wapate kuwaonya watu wao watakaporejea kwao. Hii ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi yetu wengine husalimika, na wakiiacha wote, wote huwa na dhambi.

Jibu la pili ni la waogopao. Wao husema kwamba katika Chuo Kikuu dini zote hutiwa chungu kimoja, Uislamu na Ukristo na Uhindu na dini za jadi, na mwalimu huenda asiwe Mwislamu, na vitabu vingine vimeandikwa na watu waitazamao Kurani kama kitabu cha historia tu. Khofu hii si ya upuuzi. Lakini dawa yake si kukimbia. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda usiofika nusu ya mwezi. Jaafar bin Abi Talib aliposimamishwa mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Habash, alimsomea mwanzo wa Sura ya Maryam, kwa kuwa aliijua imani ya yule aliyekuwa akisema naye. Na Waislamu ni katika watu wa mwanzo kuandika vitabu vya kuzipambanua dini: Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, na ash-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153. Al-Biruni naye alijifunza Kisanskriti, lugha ya maandiko ya Wahindi, ili aieleze dini yao kama wenyewe wanavyoieleza. Mabwana hawa hawakupotea kwa kuijua dini ya mwengine, kwa sababu yao walikuwa wameijua kwanza.

Na hapa ndipo penye nukta yetu kubwa. Mwaka 1950 mwanachuoni wa Kizungu, Joseph Schacht, alitoa kitabu cha kuutilia shaka usahihi wa Hadithi za Mtume. Aliyemjibu kwa hoja zilizosikilizwa katika vyuo vyao alikuwa Sheikh Muhammad Mustafa al-Aʻzami, mzaliwa wa India. Huyu alisoma Deoband, kisha Azhar, ndipo akaingia Cambridge, akapata udaktari wake mwaka 1966. Tuitazame tartibu hiyo: aliingia na msingi, akatoka na jibu. Lau angeliingia mikono mitupu, huenda angelitoka na shaka za Schacht zikiwa ndizo elimu yake. Basi swali si kama kijana aende au asiende. Swali ni amechukua nini aendapo.

Jibu la tatu ni la baadhi ya vijana wenyewe, na hili ndilo lituudhilo zaidi. Kijana husema: "Mimi nimekhitimu tangu udogoni, somo hili ni jepesi kwangu, nitalichukua nipate alama bila ya jasho." Ewe mwanetu, na ukishapata alama hizo, utamfundisha nini mtoto wa mwenzio? Tuchukue mfano mmoja wa mirathi. Amekufa mtu, ameacha mke, watoto watatu wanaume na binti mmoja, na baada ya madeni na wasia kutolewa imebaki shilingi 800,000. Mke hupata thumni, nayo ni shilingi 100,000. Zilizobaki, shilingi 700,000, hugawiwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kila kijana hupata 200,000, na binti 100,000. Hesabu hii si ngumu kwa aliyeisoma. Lakini ni mabinti wangapi katika miji yetu waliotoka mikono mitupu katika mali ya baba zao, kwa kuwa hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua, au aliyethubutu kusema? Mwalimu aliyelichukua somo kwa ajili ya wepesi wake hupita juu juu katika mlango huu, na wanafunzi arubaini hutoka darasani hawajui haki za dada zao. Dhulma ya kesho huanza kwa uvivu wa leo.

Basi nasaha yetu ni hii.

Kwanza, nia. Amali huhukumiwa kwa nia zake. Kutaka riziki ya halali kwa kufundisha si aibu, lakini elimu ya dini isifanywe ngazi ya cheo tu.

Pili, msingi. Kijana asikatize darsa yake kwa kuwa ameitwa Chuo Kikuu. Ashike Kiarabu, na awe na sheikh wa kumrejea kila anapoona jambo la kumtatiza. Shaka iliyoulizwa hupata dawa, na shaka iliyofichwa huota mizizi.

Tatu, auangalie mpango wa masomo kabla ya kutia sahihi. Aulize: Je, imo Kurani na Hadithi, fikihi na historia ya Kiislamu, au ni maelezo ya jumla ya dini zote? Na ikiwa ataka ualimu, alifungamanishe na somo litakiwalo katika skuli, kama Kiswahili, Kiarabu, historia au jiografia.

Nne, ajue mpaka wake. Somo dogo la dini halimfanyi mtu mufti. Wala asidhani kwamba latosha kumkalisha kiti cha kadhi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, yataka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu itakayoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Hiyo ni safari nyingine, na ndefu.

Tano, mabinti wasiachwe nyuma. Masahaba wakubwa walimwendea Bibi Aisha (R.A.) kumuuliza mambo ya dini, iweje sisi tuone haya binti yetu kuwa mwalimu wa dini?

Nasi tulio mjini tuna fungu letu. Twaweza kutoa maelfu ya shilingi kwa karamu ya usiku mmoja, na mtoto wa jirani akakosa karo ya muhula. Tajiri mmoja akimsomesha kijana mmoja, na kijana huyo akafundisha miaka thelathini, ni nani awezaye kuzihesabu thawabu zake? Na kijana arudipo na shahada yake, tusimpokee kwa dhihaka ya kumwita sheikh wa makaratasi. Tumpe nafasi msikitini na madrasani. Akiteleza tumsahihishe kwa upole, na akijua zaidi yetu tumsikilize.

Mti hauvunjwi na upepo kwa kuwa una matawi. Huvunjwa kwa kukosa mizizi. Somo la Chuo Kikuu ni tawi. Mizizi yake ni chuo alichosomea utotoni, na mwalimu aliyemfundisha alifu, na wazazi wanaosali mbele yake. Tukiitunza mizizi, tusiyaogope matawi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na nyoyo zenye kunyenyekea, na atulinde sisi na elimu isiyotendewa kazi. Amin.

Wabillahi ttawfiq.