Je, Mhimili Ufichwe?

Somo la lugha aghalabu huzaa maswali yasiyokuwamo katika muhtasari wa masomo. Mwaka mmoja tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu namna ya kuandika maelezo ya kazi za mikono, nasi tukaona si vema mtu kueleza kazi asiyoifanya. Basi wakaleta sanamu ndogo walizozitengeneza wenyewe kwa mabua ya mtama na karatasi ngumu: eropleni tatu na korongo mmoja mwenye kishungi. Maonyesho ya shule yalikuwa yamekaribia, na sanamu zote nne zilitakiwa zionekane zikiruka, si kulazwa mezani kama samaki sokoni. Ikatubidi tuzitengenezee vitako.

Kazi hiyo ni ndogo, lakini ina sheria zake. Kwanza hutafutwa mahali uzito unapokutania. Mtu huweka ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kimoja kila upande, akavisogeza mbele au nyuma mpaka sanamu itulie pasipo kuinamisha kichwa wala mkia. Hapo ndipo panapotobolewa. Mhimili wetu ulikuwa spoki kuukuu ya baiskeli, nyembamba lakini ngumu. Kitako kilikuwa kipande cha mvule, kwa kuwa kitako chepesi hakifai. Sanamu ikitakiwa ionekane ikipinda hewani, spoki hukunjwa, na hapo hapana budi timazi inayoshushwa kutoka mahali pale pa uzito iangukie ndani ya kitako. Ikiangukia nje, vyote huweza kupinduka. Aliyemtengeneza korongo alilipuuza jambo hili, na korongo wake akavunjika shingo kabla hajaonwa na mgeni hata mmoja.

Ugomvi ulianza wakati wa kupaka rangi. Kijana mmoja alitaka spoki zipakwe rangi ya ukuta ili zisionekane. Msichana aliyekaa nyuma akainuka akasema, "Mwalimu, huko si kudanganya? Watu watadhani zinaruka zenyewe." Darasa likacheka, lakini sisi hatukucheka. Tuliona kwamba swali lake lilikuwa kubwa kuliko meza yetu ya maonyesho: anayetegemezwa na mwingine, je, anaruhusiwa kuficha tegemeo lake?

Jibu letu la kwanza lilikuwa jepesi. Tulimwambia kwamba msimulizi akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", hakuna anayemshitaki kwa kuwa sungura hasemi. Tumekubaliana naye tangu mlangoni. Vivyo hivyo, mtazamaji anajua kwamba mabua hayaruki. Spoki iliyopakwa rangi haimwibii kitu, bali inamsaidia kuiona ndege badala ya chuma. Naye anaweza kuinama akaichungulia apendapo.

Jibu hilo ni kweli, lakini si kamili. Tunao mfano mashuhuri katika historia ya usafiri wa anga wenyewe. Mwaka 1903 Samuel Langley, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alijaribu chombo chake chenye rubani mara mbili kwenye mto Potomac, nacho kikatumbukia majini mara zote mbili. Siku chache baada ya jaribio la pili, tarehe 17 Desemba, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliruka huko Kitty Hawk. Mruko wao wa kwanza ulidumu sekunde 12. Mwaka 1914, Langley akiwa amekwisha kufariki, taasisi ile ilimpa Glenn Curtiss chombo kile akijaribu upya. Curtiss alikibadilisha katika mambo mengi, kikaweza kuruka kidogo juu ya ziwa. Baadaye kikarudishwa umbo lake la awali, kikawekwa mbele ya watazamaji pamoja na maandishi ya kukisifu kuwa ndicho cha kwanza duniani kilichokuwa na uwezo wa kuruka na mtu. Yale mabadiliko hayakutajwa. Kwa uchungu Orville aliipeleka ndege yake London mwaka 1928. Taasisi ilikiri wazi mwaka 1942, na ndege ikarudi Washington mwaka 1948, Orville akiwa amefariki mwanzoni mwa mwaka huo huo.

Tazameni tofauti iliyopo. Spoki yetu imefichwa machoni, lakini haijakanwa, ukiuliza utaonyeshwa. Msaada wa Curtiss ulifichwa katika maandishi, mahali ambapo mtazamaji hawezi kuinama akachungulia. Tena katika jambo hilo watu walikuwa wakigawana heshima, na heshima anayopewa asiyestahili huwa imeondolewa kwa mwenyewe.

Lau tungeishia hapo, tungekuwa tumewahukumu wengine na kujisamehe wenyewe. Nasi tunalo letu. Miaka kadhaa kabla ya sanamu zile tulimwandaa mwanafunzi kwa mashindano ya kuhutubia. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambamo watoto wengi hukikuta shuleni, si nyumbani, tunayajua majaribu ya siku kama hizo. Hotuba yake ilikuwa dhaifu, tukaisahihisha. Tukaisahihisha tena, mpaka iliyobaki yake ikawa salamu na shukrani. Akashinda, nasi tukapokea pongezi kwa kimya. Katika duru iliyofuata waamuzi walimwuliza maana ya methali iliyokuwa katika hotuba yake mwenyewe. Akatugeukia sisi tulikokaa, akaangalia kwa muda, kisha akainamisha kichwa. Hakuomba tena kuhutubia mpaka alipomaliza shule.

Wakati ule tulijiambia kwamba tumemsaidia, kwani mkono mmoja haulei mwana. Msaada haukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kumtoboa mahali pasipokuwa pa uzito wake, tukamsimamisha juu ya maneno yetu, kisha tukaficha spoki hata kwake yeye mwenyewe. Aliamini anaruka. Timazi yake iliangukia nje ya kitako, na aliyevunjika alikuwa yeye, si sisi.

Kwa hiyo twaonelea kwamba mhimili waweza kukaa kimya, wala si lazima ung'ae ukashindana na ndege kwa macho ya watu. Mwalimu anayedai sifa kwa kila neno la mwanafunzi wake ni kitako kikubwa kuliko sanamu. Lakini akiulizwa, na aseme kweli. Na asipoulizwa, aseme vilevile, pale ambapo kuna tuzo, cheti au heshima ya mtu mwingine. Zaidi ya yote, anayeshikiliwa ajue anashikiliwa wapi, ili siku moja aweze kutafuta uzito wake kwa vidole vyake mwenyewe.

Spoki zilipakwa rangi ya ukuta. Chini ya kila kitako msichana yule alibandika kikaratasi: jina la mtengenezaji, jina la aliyemsaidia, na maneno "Inashikiliwa na spoki ya baiskeli". Siku ya maonyesho wageni waliinama kukisoma, kisha wakainuka kuitazama ndege tena.