Tu- ya Mwalimu

Nimeketi ukingoni mwa mto Thames, ng'ambo ya Bunge la Uingereza. Nyuma yangu ni Hospitali ya St Thomas, alikofia Mwalimu Julius Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999. Daftari liko mapajani. Anwani ya makala yangu kuhusu uongozi nimeifuta mara nne.

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Warwick walichapisha utafiti wao katika jarida la Royal Society, taasisi kongwe ya sayansi ya hapa London. Walipitia makala 140,000 miongoni mwa zilizonukuliwa zaidi kati ya 2007 na 2013, wakaona kuwa majarida yanayochapisha makala zenye anwani fupi hunukuliwa zaidi kwa kila makala. Naamini. Msomaji mwenye orodha ndefu mbele yake, jicho hutua penye wepesi. Basi nami nikaanza kupunguza maneno. Kumbe niliyoyatoa ndiyo yaliyonibana: mkoa, miaka, idadi ya watu niliowahoji. Ikabaki “Uongozi Afrika”, na mimi nilizungumza na watendaji wa kata kumi na mmoja tu, wote wa Tanga. Atakayeninukuu atabeba bara zima ambalo sikumpa.

Ufupi wenyewe hauna kosa. Mwaka 1962, baada ya kuacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama, Nyerere aliandika kijitabu kuhusu kasoro za wanachama na viongozi wa TANU. Akakiita Tujisahihishe. Neno moja tu, lakini lipasue: tu-, sisi; -ji-, nafsi zetu; kisha sahihisha, na ile -e ya mwisho inayohimiza bila kufoka. Angeandika Jisahihisheni, angekuwa amesimama jukwaani akiwanyooshea wenzake kidole. Kwa silabi ile ya kwanza alijipanga mstari mmoja na waliokosea, na yeyote anayekitaja kijitabu hicho, hata asiyewahi kukifungua, hana budi kuitamka. Miaka thelathini na ushei baadaye, akiwa nje ya madaraka na ana uchungu na waliokuwamo, aliandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Wetu, tena.

Upepo wa mtoni unapeperusha kurasa. Nazibana kwa kiganja. Nimeirudisha Tanga. Nimewarudisha watendaji wangu kumi na mmoja, na miaka niliyokaa nao. Anwani imeingia mstari wa pili.