Hoja ya Aliyeshindwa



Mkristo akisikia neno Mafarisayo, mara nyingi moyoni huwa ameshawahukumu. Tuliwasoma wakibishana na Yesu, tukafunga faili. Lakini walimu waliorithi njia yao, wale tunaowaita marabi, waliacha maandiko ambayo Wayahudi wanayasoma mpaka leo, na nadhani kanisa lina la kujifunza humo.

Mwaka 70 jeshi la Kirumi likiongozwa na Tito liliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Dhabihu zikakoma. Mwalimu Yohanan ben Zakkai na wenzake wakakusanyika katika mji wa Yavne, wakashika kile kisichohitaji madhabahu: kuisoma Torati, kuihoji na kufundishana. Mafundisho hayo yalikaririwa kwa mdomo hadi mnamo mwaka 200, Rabi Yehuda ha-Nasi alipoyapanga huko Galilaya yakawa Mishna: mafungu sita yenye vitabu 63, kuanzia mazao ya shamba hadi sikukuu, ndoa, fidia na utakaso. Vizazi vilivyofuata viliijadili Mishna neno kwa neno, zikapatikana Talmudi mbili, ya Yerusalemu na ya Babeli. Ya Babeli ndiyo yenye uzito zaidi. Ipo pia Midrashi, inayofafanua Biblia, mara nyingi kwa hadithi.

Mishna inaanza na swali la saa. Shema, lile ungamo la Kumbukumbu la Torati 6:4 ambalo Yesu naye analitaja katika Marko 12, jioni lisomwe kuanzia saa ngapi, na mwisho wake lini? Rabi Eliezeri anajibu kwamba mwisho ni pale zamu ya kwanza ya usiku inapokwisha. Wenye hekima wanasema usiku wa manane. Rabani Gamalieli, mjukuu wa yule mwalimu wa Paulo, anasema mpaka alfajiri. Tena tunasimuliwa kwamba wanawe walirudi usiku kutoka karamuni, wakamwambia baba yao hawajasoma Shema. Akawajibu kwamba kama hakujapambazuka, bado wanawajibika. (Wazee wa kanisa wenye vijana nyumbani watamwelewa haraka.)

Majibu yote matatu yameachwa mezani. Na Talmudi inasimulia kwamba huyu Rabi Eliezeri baadaye alitengwa na wenzake, kwa kuwa alikataa kuufuata uamuzi wa wengi. Adhabu ilikuwa kali, na mimi siisifii. Hata hivyo jina lake ndilo la kwanza kutajwa katika Mishna nzima. Walimtenga mtu, hoja yake wakaihifadhi.

Walifanya hivyo kwa makusudi. Mishna yenyewe inauliza kwa nini maoni ya wachache yaandikwe ilhali sheria inafuata wengi, na jibu mojawapo ni kwamba baraza la kesho linaweza kuyaona yana haki na kuyategemea. Nyumba ya Hillel na nyumba ya Shammai, yaani shule mbili za walimu hao, zilitofautiana hata katika sheria za ndoa, lakini hazikuacha kuozana. Kwa kawaida sheria ilifuata upande wa Hillel, na Talmudi inataja sababu: walikuwa wapole, wakifundisha hoja ya wapinzani wao kabla ya kutoa ya kwao.

Hata ukurasa wa Talmudi uliozoeleka leo umepangwa hivyo. Katikati kuna maandishi ya kale. Upande mmoja kuna ufafanuzi wa Rashi wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Upande wa pili kuna Tosafoti, maelezo ya walimu waliomfuata, wakiwemo wajukuu zake mwenyewe. Wajukuu hao humpinga babu yao mara kwa mara, na wote wanasomwa pamoja.

Sisi je? Mzee mmoja akipinga jambo kwenye baraza, tunapiga kura, tunafunga kwa sala, na muhtasari unasema wajumbe wote waliafiki. Miaka mitano baadaye tatizo lilelile linarudi, na hakuna anayekumbuka kwamba lilishaonywa.

Ndugu makatibu wa mabaraza na kamati, katika kikao kijacho andikeni pia hoja iliyoshindwa, pamoja na jina la aliyeitoa na sababu zake. Nanyi wenyeviti, msimwombe katibu aifute.