Simu ya Kariakoo na Mtu wa Nyarugusu

Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya vita vya wageni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaweka hapo wapagazi wa kikosi chao cha Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina hilo upya. Walikuwa watu waliotolewa vijijini mwao kubeba mizigo ya ugomvi usiowahusu, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi kuliko risasi. Leo ukivuka bonde la Jangwani kwa Barabara ya Morogoro waingia humo kununua nyanya, khanga na simu.

Swali langu, ndugu msomaji, lahusu simu. Ndani yake mna tantali itokanayo na koltani, na koltani nyingi hutoka Kongo Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafla ulimwenguni, na wenye bunduki wakayagombea machimbo. Wakati huo kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilikuwa na miaka minne tangu ifunguliwe kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima, na Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 bado yamtaka awe na kibali ndipo atoke. Simu hufika Kariakoo bila taabu. Yeye, hapana.

Je, mnunuzi ana hatia? Wapo wasemao kila aishikaye simu ameshika damu. Sikubali. Mchuuzi wa Mtaa wa Msimbazi hana njia ya kujua jiwe lilitoka shimo gani. Awezaye kujua ni mwenye kiwanda na mwenye serikali. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia sahihi mapatano ya madini na Rwanda, ilhali wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikwisha kuandika kwamba jeshi la Rwanda lawasaidia M23, jambo ambalo Rwanda hulikana. Haikupita hata miezi mitatu M23 wakaiteka Rubaya yenye koltani tele. Januari 2025 wakaingia Goma, na maelfu wakabeba tena magodoro yao.

Hata nia njema huumiza. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze madini yao yatokako; mwaka huohuo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu na Maniema. Wachimbaji wadogo wakakosa riziki, bunduki hazikunyamaza. Nani aliwauliza? Hili lanisumbua kuliko simu yenyewe: wanunuao na wapigao marufuku ni walewale, nao wako mbali.

Ila kibali cha kutoka kambini hakitolewi Brussels wala Washington. Hutolewa na mtumishi wa serikali yetu, kwa sheria ya Bunge letu, na mbunge yeyote aweza kuiomba ijadiliwe upya.