Nilikuwa Upande wa Malkia Mary

Vijana wenzangu, nimemaliza kitabu kinene cha maisha ya Mary I, malkia Mkatoliki wa Uingereza aliyechoma moto Waprotestanti wapatao 280.

Kusema kweli nilianza nikiwa upande wake. Mwaka 1533 Askofu Mkuu Cranmer alitangaza ndoa ya mama yake batili. Binti akaitwa mwana haramu. Inauma, jamani.

Miaka ikapita, Cranmer akawa mikononi mwake. Mzee akaukana Uprotestanti kwa maandishi, tena si mara moja. Kwa desturi, aliyetubu hakuuawa. Mary akaamuru achomwe tu, Oxford, 1556.

Nami, peke yangu bwenini, nikajisikia nikisema: “Safi kabisa.”

Nikafunga kitabu, nikaenda kumtafuta padre mwungamishi.