Nani Alisamehe?

Mtu husamehe deni analodai yeye. La jirani haliwezi, hata awe chifu. Hilo kila mwenye duka analijua, lakini Kenya imelilipia gharama kubwa.

Agosti 1963, Jomo Kenyatta alisimama Nakuru mbele ya masetla wa Kizungu waliokuwa na hofu na mashamba yao, akawaambia ya nyuma yasamehewe na yasahauliwe. Wapo waliokuwa na neno, hasa wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni mikono mitupu. Hata hivyo, kwa yaliyompata yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kusema. Alikamatwa Oktoba 1952, akaachiliwa Agosti 1961. Miaka hiyo ya kifungo na kizuizini ilikuwa yake, na kuisamehe ilikuwa hiari yake.

Miaka saba baada ya Nakuru, chini ya utawala huohuo, ikatungwa sheria ya kinga ya 1970. Serikali ilikuwa imepigana na mashifta, waasi waliotaka kujitenga, kaskazini mwa nchi, na raia wengi waliumia: watu waliuawa, mifugo ikateketezwa. Sheria ilizuia kushtakiwa kwa askari na maofisa kwa waliyoyatenda huko kuanzia 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967, mradi iwe walitenda kwa nia njema wakiwa kazini. Mjane aliyepoteza mume na ngamia akafungiwa mlango wa mahakama kabla hajabisha hodi.

Mtetezi wa sheria ile angeweza kukujibu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sawa, lakini aliyesamehe ni nani? Watu wa kaskazini walikuwa na jibu kabla serikali haijazaliwa. Kwa Wasomali wa huko, damu ya mtu ina wenyewe: warithi wake, na nyuma yao ukoo mzima. Ni wao wanaochagua kudai kisasi, kupokea dia, yaani fidia ya damu, au kumwachia Mungu. Dia ya mwanamume kwa desturi ni ngamia 100. Wazee hukaa chini ya mti, upande uliokosa hukiri, hesabu hufanywa, tena kwa mabishano marefu, mifugo hukabidhiwa, ndipo dua isomwe. Mkosaji akisimama mwenyewe na kutangaza kuwa amesamehewa, wazee watamwona hana akili. Sheria ya 1970 ilifumbia macho tu, na kufumbia macho hakumdai mkosaji hata neno moja la kukiri.

Tarehe 10 Februari 1984, wanajeshi walianza kuwazoa wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka Wajir na vitongoji vyake, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliamriwa wavue nguo, wakalazwa kifudifudi juani, siku baada ya siku, bila maji wala chakula. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilikadiria kuwa waliokufa walikaribia elfu moja, na wenyeji husema zaidi. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alikwenda porini kuokoa majeruhi na kukusanya maiti. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya.

Sisemi sheria ya 1970 ndiyo iliyofyatua risasi za Wagalla. Ila ofisa wa jeshi ambalo halikuulizwa lolote kuhusu miaka minne ya vita vya mashifta, angeogopa nini kuulizwa kuhusu siku chache za Wajir?

Tarehe 26 Machi 2015, Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo, aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali yake na zilizoitangulia, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Lilikuwa jambo jema, na watangulizi wake hawakulifanya. Lakini anayeomba radhi hajijibu mwenyewe, na miaka iliyofuata manusura waliendelea kulalamika kwamba fedha hizo hazijawafikia. Kwa utaratibu wa wazee wa chini ya mti, kukiri kumefanyika, tena kwa kuchelewa. Shauri bado liko kwenye hesabu.